Bandari ya Tope: Ndege wa Kaskazi katika Mto wa Tudor

Mhadhara uliosomwa mbele ya wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa

Waheshimiwa wazee wetu wa Mvita, masharifu na mashekhe, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, kina mama wa Kibokoni na Kuze, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: nawashukuru nyote. Najua wengi mmeacha baraza na kahawa zenu kuja kumsikiliza mtu aliyetangaza kuwa atazungumza juu ya ndege. Mmoja wenu aliniuliza mlangoni kama nakusudia ndege za kule uwanjani, ng'ambo ya Changamwe. Hapana, ndugu yangu. Nakusudia wale wenye manyoya. Lakini swali lako halikuwa mbali na maana, kwa sababu hao nao wana ratiba, wana mizigo, na wana mahali pa kutua ambapo pakifungwa, safari nzima huharibika.

Nia yangu jioni hii ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba lile tope linalofunuka Mto wa Tudor maji yakipwa, tope ambalo tumezoea kulizibia pua tukipita, ni bandari. Ni bandari iliyotangulia Bandari ya Kale na ikaitangulia Kilindini, na inaendeshwa na pepo zilezile zilizoujenga mji huu. Nitapanga maneno yangu katika hoja nne. Hazitalingana urefu, maana mambo yenyewe hayalingani uzito. Kabla ya hoja, nipeni ruhusa niwasimulie asubuhi moja.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Machi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, bamvua imeshika. Wavuvi mlio hapa mnajua kuwa kwetu Mombasa siku za bamvua maji hujaa mapema kabla ya alfajiri, na kufika saa nne za asubuhi yamekwisha kupwa hadi mwisho wake. Kwa hiyo anayetaka kuona tope likizaliwa lazima awe mtoni jua linapochomoza. Tuliteremka ngazi za Bandari ya Kale saa kumi na mbili kasorobo, mimi na mwanafunzi mmoja na mzee mwenye hori lake. Hapakuwa na upepo. Kaskazi ilikuwa imelala na kusi haijaamka. Ni zile wiki ambazo wazee huziita tanga mbili. Bahari ilikuwa kama mafuta ndani ya sahani.

Tulipita chini ya Daraja la Nyali, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu, tukakata kuelekea ndani. Sisi twapanda, maji yashuka. Mzee akaliambaza hori ukingoni mwa mikoko, ambako mkondo hauna nguvu, akaacha kafi na kushika pondo. Kila alipolichoma pondo lilizama kidogo zaidi ya lilipozama kabla, na kila alipolichomoa lilitoa harufu ile tunayoijua. Kisha mgongo wa kwanza wa tope ukajitokeza mbele yetu, mweusi, unang'aa, mpana kama mkeka wa sala. Baada ya dakika chache ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Na kabla haujafika hapo, walikwisha kutua.

Walikuja kwa mafungu kutoka juu ya mikoko, walikokuwa wamesimama usiku kungoja maji yatoke. Wadogo kabisa, wasiozidi uzito wa barua iliyotiwa stempu, walikimbia mbele ya maji kana kwamba wanayasukuma. Wakubwa walitembea kwa hatua za mtu mzima. Mdomo chini, mdomo juu, mdomo chini. Hakuna aliyeinua kichwa kutuangalia. Mwanafunzi wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Babu, hawa wana njaa kiasi gani?" Mzee hakugeuka. Alilishika pondo kwa mikono miwili, akasema: "Hawa hawali kwa njaa, mwanangu. Wapakia."

Neno hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Wapakia.

Hoja ya kwanza: tope si uchafu, ni shamba.

Mtu akisimama Mikindani au Junda akatazama mtoni wakati wa kupwa, huona pamekauka, pamekufa. Na kumbe pale ndipo penye uhai mwingi kuliko mahali popote ndani ya mji. Jani la mkoko likianguka haliozi bure. Kaa hulivuta shimoni, tondo hulitafuna, na linalobaki husagika likawa chakula cha vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huliwa na daa, na vikonokono, na uduvi. Mara mbili kila siku maji huingia na kuleta kingine, hutoka na kuacha. Shamba hili halina mkulima wala jembe. Lina mwezi tu, unaoyavuta maji juu na kuyarudisha, na katika bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4.

Sasa tazameni jinsi ndege walivyogawana shamba hilo bila ya kugombana. Mwenye mdomo mfupi huokota juu ya uso wa tope anachokiona kwa macho. Mwenye mdomo wa kadiri huchoma kwa kupapasa, maana ncha ya mdomo wake ina hisia kama ncha ya kidole. Yuko mmoja mdogo wa rangi ya kijivu, mdomo wake umepinda kwenda juu, hukimbia ameinama kama mtoto anayemfukuza kuku, na hukamata kaa wadogo kabla hawajafika mlangoni kwao. Na yuko bwana wao, sululu.

Sululu ana mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, na jina lake ni jina lilelile la chombo cha kuchimbia. Nilimtazama mmoja kwa darubini asubuhi ile, hatua kama ishirini kutoka hori. Alisimama kando ya shimo la kaa, yule mdogo mwenye gando moja kubwa kuliko mwili. Hakufanya haraka. Aliugeuza upande uso wake, akaupeleka mdomo shimoni kufuata mkunjo wa shimo lenyewe, akazama hadi kwenye paji. Shimo la kaa halikuchimbwa wima, limepinda, na mdomo wa sululu umepinda kama lilivyopinda. Akamtoa kaa, akamtikisa kwa nguvu kulia na kushoto mpaka lile gando likaruka, kisha miguu, akaenda naye kwenye kidimbwi, akamchovya, akammeza. Kazi yote haikufika nusu dakika. Alipomaliza akaenda shimo la pili.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake usoni.

Hoja ya pili: kalenda ya ndege hawa ni kalenda yetu.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hapa ndipo moyo wa maneno yangu ulipo.

Kila mtoto wa mji huu amesimuliwa habari za majahazi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba na Disemba, yalikuja kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi na tende, papa mkavu, chumvi, mazulia, vyungu. Yakatia nanga hapa chini ya Ngome, mabaharia wakakaa miezi, wakauza, wakanunua, wengine wakaoa. Kusi ikisimama, kuanzia Aprili, yalipandisha tanga na kurudi, yamejaa boriti za mikoko. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda hadi Rufiji kupakia boriti hizo, akayaandika aliyoyaona. Na humu Mji wa Kale, ingieni nyumba yoyote ya zamani mtazame juu: dari imelala juu ya boriti, na upana wa chumba umeamriwa na urefu wa mti wa mkoko. Nchi za Ghuba, zisizokuwa na miti ya kujengea, zilijenga kwa miti hiyohiyo. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, na biashara ile ikafa. Majahazi nayo yakapungua mpaka leo tunayahesabu kwa vidole.

Lakini wasafiri wa kaskazi hawakukoma kuja. Waliobaki ni hawa.

Ndege wengi wa tope hufika pwani yetu kati ya Agosti na Novemba, wakikimbia baridi ya kaskazini ya dunia, na huondoka Aprili na mwanzo wa Mei. Hufika wamechoka, wamevaa kijivu. Hukaa, hula, hubadilisha manyoya ya mbawa moja baada ya jingine, kama nahodha anavyoshona tanga na kupaka sifa akiwa bandarini. Ikikaribia tanga mbili huanza kupakia. Yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo, mwili wake ni kama gramu 60. Katika wiki za mwisho hula mchana na hata usiku wa mbalamwezi, mafuta yakajaa chini ya ngozi mpaka anaongezeka karibu nusu ya uzito wake. Hayo mafuta ndiyo shehena yake, ndiyo maji yake ya kunywa, ndiyo kila kitu. Na wakati huohuo hubadilisha nguo: kijivu chote hutoka, kifua na tumbo vikawa vyekundu kama tofali iliyoiva. Asubuhi ile tuliwaona wako katikati ya kuvaa. Mmoja mwekundu mabegani tu, mwingine mwekundu hadi miguuni, wa tatu ana madoadoa kama ukuta uliopakwa rangi mkono wa kwanza.

Anakwenda wapi? Siberia, rasi ya Taimyr, ufuoni mwa bahari ya barafu. Kutoka hapa tulipoketi ni zaidi ya kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka, naye hapiti mstari ulionyooka. Huko atapata siku zisizokuwa na usiku, atataga, atalea wiki chache, kisha atarudi. Husafiri usiku kwa nyota, na huhisi pia usumaku wa dunia, kama nahodha mwenye nyota kichwani na dira mkononi. Sayansi imewafunga baadhi ya ndege wa jamii hii vyombo vidogo vya kupashia habari, na mwaka 2022 mmoja wao, kule upande wa Pasifiki, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania kilomita 13,560 bila ya kutua hata mara moja. Siku kumi na moja. Hana pa kutua baharini, na akiondoka na mafuta pungufu, atakwisha angani.

Fahamuni basi uzito wa neno la yule mzee. Anayepakia pungufu hafiki.

Na yuko mwingine ambaye nikimtazama naona historia yetu imeota mbawa. Ni ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo, chakula chake ni kaa. Huyu haendi Siberia. Yeye hutagia katika visiwa na fukwe za Omani, Uajemi, Falme za Kiarabu na Somalia. Ndiye pekee katika jamii za ndege wa pwani anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, joto la mchanga likamsaidia kulitunza. Akimaliza kulea hushuka huku kwetu, na Kijito cha Mida, karibu na Watamu, ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana duniani kwa kumwona. Nimewaona pale jioni, mamia kwa pamoja, wamesimama majini wote wameelekea upande mmoja. Kule Omani, katika fukwe za Barr Al Hikman, ndege wa tope wanaohesabiwa majira ya baridi wanapita nusu milioni. Nauliza: ni ukoo gani humu ukumbini usio na jamaa Maskati, Sur au Sohar? Basi na ndege huyu vilevile. Nusu ya mwaka kwao, nusu ya mwaka kwetu, na njia ni ileile.

Wazee husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msafiri wa chombo, azunguke atakavyo, atarudi ndani ya chombo. Kwa ndege hawa ngama ni tope letu. Wanalirudia lilelile. Pale Mida, watu wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya huwanasa usiku kwa nyavu nyembamba, wakawavika pete mguuni na kuwaachia, na kuna wanaonaswa tena miaka ya baadaye mahali palepale.

Hoja ya tatu: bandari hii inazibwa, na wenye kuziba ni sisi.

Sitaki kuizungusha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya mikoko iliyo kandokando ya mji wetu ulionyesha kuwa Mto wa Tudor ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake kati ya 1992 na 2009. Rudieni kuisikia: katika vijito vyote mlivyosoma shuleni kuwa vimeuzunguka mji wa Mombasa, hiki kinachopita chini ya madirisha yetu kilipoteza miti minne na zaidi katika kila mitano. Kulikuwa na sababu za mbinguni. Mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukaifunika mizizi, nao mchu na mkoko hupumua kwa mizizi. Ukiifukia umemziba mtu pua na mdomo. Lakini udongo ule ulishuka kwa sababu mashamba ya juu yalikuwa matupu. Na shoka halikutoka mbinguni. Wala maji ya vyoo tunayoyaelekeza mtoni.

Mwaka 1988, upande wa Makupa na Port Reitz, tangi la mafuta lilitoboka na takriban tani 5,000 zikamwagika. Mikoko ilikufa imesimama. Walio na umri wangu wanakumbuka rangi ya maji yale. Na pale Makupa penyewe, karibu karne nzima njia ya magari ilikaa juu ya kifusi kilichokata maji ya upande huu na upande ule, yakawa hayaonani. Hili nalisema kwa furaha kwa sababu lina mwisho mwema: mwaka 2022 daraja lilifunguliwa, kifusi kikaondolewa, na maji ya Tudor na ya Port Reitz yakasalimiana tena. Hata jaa la Kibarani, lililokuwa likifuka moshi mlangoni mwa kisiwa, lilifungwa na pakapandwa miti. Kumbe yawezekana.

Kisha kuna kurabu. Naona mnatabasamu, hakuna asiyenyang'anywa nyama na kurabu. Lakini hili si jambo dogo. Kunguru huyu wa Kihindi hakuwa wa hapa. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, na kufika mwaka 1947 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Leo amejaa. Huvunja viota, hula mayai na makinda. Wazee, jaribuni kukumbuka mara ya mwisho mlipomsikia shorewanda akiimba juu ya mwarobaini wa uani, au mlipomwona chozi kwenye ua la mkomamanga, au kiota cha mnana kinaning'inia. Aliyewafukuza ndiye huyu. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa sumu kunguru milioni moja, na kabla ya hapo sumu hiyo iliwahi kutumika Malindi na Watamu wakapungua sana, kisha kazi ikasimama wakarudi. Mimi siipingi kazi hiyo ikifanywa na wenye ujuzi. Ila nasema wazi: kurabu analishwa na sisi. Kila fuko la matumbo ya samaki linalotupwa kando ya soko ni mshahara wake. Mtaa usioacha taka wazi hauhitaji sumu nyingi.

Hoja ya nne ni fupi, nayo ni majina.

Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili kwa wenyeji wa hapa, na kamusi yake ikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mgeni alijua kwamba hatua ya kwanza ni kuuliza kitu kinaitwaje. Sisi wenyeji je? Nilimpa mwanafunzi wangu darubini nikamwuliza aliyemwona. Akasema, "Ndege." Nikamwuliza yule mweupe. "Ndege mweupe." Si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Yule mweupe ni yangeyange. Yule anayepiga mbizi kutoka tawini ni mdiria. Yule wa baharini aliaye kama mtoto ni shakwe. Mwenye mfuko chini ya mdomo ni mwari, mwekundu wa miguu mirefu ni heroe, mfalme wa samaki ni kwazi. Mzee wa hori alitaja kumi na mbili kabla ya saa mbili ya asubuhi, na mawili kati ya hayo sikuwahi kuyasikia, nikayaandika. Mtu mmoja, asubuhi moja, juu ya hori. Wako wangapi kama yeye Mtongwe, Jomvu, Likoni, na nani amewafuata na daftari?

Kwa hiyo, nikielekea kufunga, nawaleteeni maombi yangu, na nimeyapunguza yawe yale yanayotendeka.

La kwanza ni kuhesabu. Tangu mwaka 1967 iko hesabu ya ndege wa majini inayofanywa duniani kote kila mwezi wa Januari, na Kenya huhesabiwa kwa kazi ya Makumbusho ya Taifa na shirika la Nature Kenya pamoja na watu wa kujitolea. Hawahitaji shahada yako. Wanahitaji macho yako na subira yako. Nataka Mto wa Tudor uwe na kikundi chake cha kuhesabu kinachotoka humu Mji wa Kale, na orodha yake iandikwe kwa Kiswahili, kwa majina haya niliyoyataja na yatakayokusanywa.

La pili ni mikoko. Pale Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wametunza hekta 117 na tangu 2013 wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa, fedha zikaleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyo hapa kwetu Mkomani, wamekuwa pamoja nao tangu mwanzo. Sisi tuna mto, tuna mbegu zinazoelea kila bamvua, tuna vijana wasio na kazi. Waheshimiwa wa kaunti mliomo humu, hili ni lenu pamoja nasi. Upandaji uende na ulinzi, tena mti upandwe pale unapotaka kuota. Msipande juu ya tope lililo wazi kwa sababu tu ni tupu. Lile tupu ndilo gati. Mkilijaza miti ndege hawana pa kutua.

La tatu ni kwa wazazi na walimu wa vyuo. Mtoto anayeweza kuhifadhi anaweza kujua ndege kumi.

Siku hizi ni mwanzo wa Aprili. Wale wekundu wanaondoka, kila usiku wa utulivu kundi moja. Hawaagi. Utasikia tu sauti juu ya mapaa baada ya isha, nyembamba, inapita kutoka upande wa Tudor kwenda upande wa bahari, na asubuhi tope lina nafasi. Wako vijana wao wa mwaka wa kwanza ambao hawasafiri, hubaki nasi kusi nzima mpaka wenzao warudi, na wapo sululu kadhaa miongoni mwao. Kwa hiyo msidhani mmechelewa.

Mwezi utapevuka juma lijalo na bamvua itashika tena. Hori liko chini ya ngazi za Bandari ya Kale, na mzee amekubali kuchukua watu wanne wanne. Tutaondoka saa kumi na mbili kasorobo. Njooni na watoto wenu, na daftari, na nguo za kuchafuka.